Mwongozo kamili: siku ya watoto kushika na kupiga ala za zamani, na zote zirudi kwa wenyewe zikiwa nzima

Jamani hili nimelisema kwa mdomo mara nyingi sana na bado kila likizo inapigwa simu, mtu yuko Himo au Kibosho au hapa hapa Moshi mjini, ananiambia tulifanya ile siku ya ala, watoto wamefurahi kweli, ila ilimba (ile ala ya kibao chenye ndimi za chuma za kukwanyua) imetoka ndimi mbili, ngoma imepasuka ngozi na babu mwenye ngoma hapokei simu zetu. Stori ni ile ile kila mwaka. Kwahiyo leo naandika yote, toka unavyoomba ala mpaka unavyoirudisha, na kila hatua nitasema kwa nini, maana mtu akijua sababu hata akikutana na ala ambayo sijaitaja hapa atajua afanye nini.

Ninachoongelea ni hivi: unachukua ukumbi wa kanisa au darasa, unapanga ala za zamani kama makumbusho ya siku moja, tofauti yake ni kwamba hapa watu wanashika na kupiga. Mtoto akiliona zeze ndani ya kabati la kioo anaona kibuyu kina fimbo, basi. Akilikalisha kifuani na kuvuta upinde mara moja, hata kama limetoa mlio wa mlango mbovu, huyo hatalisahau.

Historia ya kila ala siiweki hapa, hiyo mtaisikia kwa wazee siku yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usitangaze tarehe kabla hivi havijapatikana:

- Ala sita au saba, zisizidi hapo.
- Mikeka, na blanketi nzito mbili tatu. Ala haikai juu ya meza tupu, inateleza, na meza tupu inaongeza kelele.
- Vipande vya sponji, hata vya godoro bovu, vya kuegemezea.
- Brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na vitambaa vikavu vya pamba.
- Karatasi nyeupe kubwa za kutosha kutandika chini ya kila ala.
- Ndoo mbili, moja iwe ya koki, sabuni, na taulo ndogo ndogo nyingi.
- Spiriti ya asilimia 70 na pamba. Hii ni ya vitu vya chuma tu, usiipeleke kwenye mbao wala ngozi.
- Mautipisi tatu za tarumbeta (kile kipande cha kuweka mdomoni), waazime bendi ya kanisani.
- Kadi za kijani, njano na nyekundu. Kadi, sio stika, gundi ya stika ikibanduka inaondoka na rangi ya ala.
- Utomvu mkavu wa mpaini, au rozini ya wapiga fidla ukiipata.
- Jiko la mkaa, linakaa nje.
- Mchele kiganja kimoja na puto tatu nne. Mtaona kazi yake.
- Daftari, kalamu, simu yenye nafasi ya kurekodi.
- Mtu mzima mmoja kwa kila meza. Hapa ndo wengi wanaanguka, wanakuja walimu wawili kwa watoto stini afu wanashangaa. Kama meza ziko tano na watu wazima mko watatu, meza ziwe tatu.

## Hatua ya 1: Chagua ala kwa jinsi zinavyolia

Usichague kwa uzuri. Tafuta ya kutikisa, ya kupiga, ya kukwanyua, ya kusugua kwa upinde, na ya kupuliza. Mtoto akizunguka hizo tano ameelewa zaidi ya yule aliyeona ngoma ishirini zinazofanana.

Mimi kwa huku kwetu napanga hivi: njuga za miguuni na kayamba, ngoma mbili (moja ya zamani na moja mpya ya kuchezewa), ilimba, zeze, na tarumbeta. Ukipata kinanda cha kukanyaga, vile vinanda vya zamani vya makanisani, hiyo ni bahati.

Kuna watu wananiambia matarumbeta sio ala ya asili yaachwe. Siafiki kabisa. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na matarumbeta yakaja kuota mizizi kwenye sharika za mlimani, leo harusi ya Moshi bila tarumbeta mnaona wenyewe inavyopooza. Kama babu yako na baba yake walipiga, hiyo ni ala yenu na ina haki ya kukaa mezani na zeze.

Ilimba na zeze mtavipata zaidi kwa Wagogo, kwao Dodoma, ndo huko alikotoka Hukwe Zawose aliyezipeleka hizi sauti mpaka Ulaya. Lakini Moshi na Arusha wamejaa watu wa kila mkoa, ulizia. Kuna mwalimu Mkurya ana litungu la nyuzi nane ukutani, kuna mama wa Bukoba kwao kulikuwa na nanga, ile ambayo uzi mmoja mrefu unarudishwa huku na huku mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Watu wanazo, hawajaulizwa tu.

## Hatua ya 2: Nenda kwa mwenye ala, na usiende kuomba siku hiyo hiyo

Hatua hii ndo inaamua zingine zote, na ndo inayofanywa kwa simu ya dakika mbili.

Nenda na mtu anayemfahamu, mwanae au mzee wa kanisa au balozi wa nyumba kumi. Ukifika, shikamoo babu, atakuitikia marahaba, na swali la kwanza litakuwa wewe ni wa nani. Jibu vizuri, taja baba yako, taja kijiji, usiwe na haraka. Beba sukari na majani ya chai. Siku ya kwanza omba kuiona na kuisikia, basi. Rudi wiki inayofuata ndo uombe kuiazima.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu wengi wao wameshaumizwa. Kuna babu mmoja kule Old Moshi, kikundi fulani kilimchukulia ngoma kwa ajili ya sherehe ya siku moja, akaja kuifuata mwenyewe baada ya miezi minne na kuikuta imewekewa ndoo za rangi juu. Mtu kama huyo ukimpigia simu tu unategemea akujibu nini?

Nilivyoenda kwake akaniambia nipande ngazi niishushe mwenyewe kutoka darini, juu ya jiko. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaiweka katikati ya magoti, akaigonga na kidole kimoja pembeni karibu na ukingo, akainamisha kichwa kusikiliza, akazungusha kidogo, akagonga tena, akazunguka nayo hivyo mpaka akamaliza duara. Hakusema kitu. Ndo akanipa.

Muulize haya, na uandike mbele yake:

1. Inaitwaje kwa lugha yake. Jina la Kiswahili peke yake halitoshi.
2. Nani haruhusiwi kuipiga, na wakati gani haipigwi. Kuna ngoma za misiba, kuna za jando, kuna ambazo mwanamke hashiki au mwanaume hashiki. Akisema hii isiguswe na watoto, usibishane naye, hiyo inapata kadi nyekundu au inabaki nyumbani.
3. Ikiharibika nani ataitengeneza na nani atalipa. Liongeeni mapema, ni neno gumu lakini likishasemwa wote mnapumua.
4. Kama anaweza kuja mwenyewe. Akija, muwe mmeandaa nauli yake, chakula, na kiti cha kuegemea.

Piga picha ala pande zote, na nyufa zote, yeye akiwepo. Umefanikiwa kama yeye ndo ameanza kukuelekeza ibebwe vipi.

## Hatua ya 3: Angalia ngozi na pembe, hapa kuna sheria

Wengi hawalijui hili na linaweza kumpeleka mtu ndani. Ala nyingi za zamani zimewambwa ngozi ya kenge au ya nyoka, nyingine ni pembe ya tandala, ile inayopulizwa ubavuni ambayo Wamasai wanayo. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa hata kama ilikuwa ya babu wa babu.

Kwahiyo kabla hujaipakia kwenye Noah, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukaulize. Kama mwenye ala hana karatasi, usiihamishe. Nenda na watoto watano kwake wakaisikilize huko huko, au tumia pembe ya ng'ombe badala yake, inalia vizuri tu ukiitoboa sawasawa. Ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe hazina shida.

## Hatua ya 4: Tenga ala wiki mbili, usiisafishe kwanza

Ikifika, iweke peke yake juu ya karatasi nyeupe, sehemu kavu, mbali na ala zingine. Kila asubuhi angalia karatasi. Ukiona unga mpya laini kama wa mahindi chini ya mbao, kuna dumuzi hai ndani na hiyo ala haikai na wenzake. Matundu bila unga mara nyingi ni ya zamani.

Masizi usiyaoshe. Moshi wa jikoni ndo umeikinga na wadudu miaka yote hiyo. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, toka katikati kwenda nje, basi. Maji kwenye ngozi ya zamani inalegea na kukauka vibaya, mafuta ya kupikia yanavutia panya, na vanishi tafadhali sana msipake, inabadilisha sauti na haitoki.

Onyo kubwa: uliza ilikuwa inakaa wapi. Ala iliyolala stoo pamoja na mahindi inaweza kuwa na ile dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Na zile zilizowahi kupita kwenye makusanyo ya wazungu, zamani walikuwa wanaua wadudu kwa aseniki na baadae DDT, na haviondoki kwa kupangusa. Ala ya namna hiyo ni ya kuangalia tu, ishikwe na glovu, na isiguse mdomo wa mtu hata kidogo.

## Hatua ya 5: Amsha ngoma asubuhi ya siku yenyewe

Malalamiko namba moja: ngoma ilikuwa inalia kwa mzee, kwetu ikawa inasema pu pu kama boksi. Ngoma haijaharibika. Ngozi inanyonya unyevu wa hewani, ikinyonya inalegea. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, hii ni kila siku, na mimi mwenyewe niliwahi kubeba moja kwa bodaboda kutoka Marangu kwenye manyunyu, nikaifunika kwa shati tu, nilivyofika ukibonyeza ngozi inazama kama mkate. Ilichukua siku mbili kukauka kivulini. Toka hapo ngoma inasafiri ndani ya gari, imefunikwa blanketi na turubai, imelala kwa ubavu.

Namna ya kuipasha:

Washa mkaa nje, usubiri moto upoe uwe makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto. Shika ngoma ngozi ikielekea moto, umbali wa mkono mzima, na uizungushe polepole usikae sehemu moja. Kila nusu dakika weka kiganja kwenye ngozi. Kiganja kikisikia joto la chai iliyopoa, sawa. Kikisikia moto, umeshachelewa, rudi nyuma. Gonga kwa kidole karibu na ukingo kuzunguka duara kama alivyofanya yule babu: upande unaolia chini zaidi ndo bado umelegea, huo uelekeze kwenye joto.

Usiianike juani saa nzima wala usiiache ndani ya gari lililofungwa. Joto la haraka linakaza ngozi kuliko mbao inavyoweza kuvumilia, na mpasuko unaanzia pale pale kwenye vigingi au kamba.

Umefanikiwa ukigonga katikati inajibu kwa mlio mnene, ukigonga pembeni inajibu kali, na duara lote linalia sawa.

## Hatua ya 6: Panga chumba

Kila meza kadi yake. Kijani ni piga mwenyewe, njano ni piga ukiwa na msimamizi, nyekundu ni macho na masikio. Ngoma ya zamani iwe njano, mpya iwe kijani. Hii inaokoa sana, mtoto mwenye nguvu za kupiga akapige ile mpya mpaka achoke.

Ngoma ziwekwe kona ya mbali au nje kabisa, ilimba na zeze kona ya pili. Ukiziweka jirani hakuna atakayesikia ilimba siku nzima.

Watoto sita kwa meza, dakika kumi. Meza tano ni watoto thelathini na dakika hamsini. Wakizidi, panga awamu ya pili baada ya uji.

Kengele moja tu ya kuhama: kengele ya ng'ombe. Ikilia mikono yote juu, na ala haiguswi mpaka imelia tena. Wafundisheni mlangoni kabla hawajaingia, na wajaribu mara mbili. Mlangoni hapo hapo wanaosha mikono na kuikausha kabisa, na wanavua saa, pete na bangili, maana bangili moja ya chuma inaacha mkwaruzo wa kudumu kwenye kibuyu.

## Hatua ya 7: Meza kwa meza

Njuga na kayamba. Naanza na hii kwa sababu mwili unaelewa kabla ya kichwa. Kayamba ni matete yaliyoshonwa kama kijitrei na mbegu ndani. Watoto wote wanalitikisa kama chujio, halafu wanasema halina kitu. Lishike kwa mikono miwili, lilaze bapa, liinamishe polepole mpaka usikie mbegu zote zimemwagika upande mmoja, afu lirudishe kwa mkupuo mfupi. Hapo sauti inakatika vizuri. Njuga zifungwe juu ya soksi, zinachubua.

Ngoma. Mkono unaenda na kurudi, haukai kwenye ngozi. Mwambie mtoto aguse ngozi kama kitu cha moto. Kwenye ile ngoma mpya mwaga punje chache za mchele, gonga pembeni, punje zinaruka, na hapo hata wa darasa la kwanza ameona kwa macho kwamba sauti ni kutetemeka. Usifanye hivyo kwenye ya zamani, punje zinaingia kwenye nyufa. Na zile puto: mtoto ashike puto lililojazwa upepo kwa viganja viwili mbele ya ngoma, anasikia kishindo mikononi. Kama mna watoto viziwi hiki kituo wapeni muda mara mbili, nimeshaona mmoja amesimama hapo na puto lake amefumba macho na hakuna aliyethubutu kupiga kengele ya kuhama.

Ilimba. Hapa ndo panapovunjika vitu, kwahiyo someni vizuri. Ndimi za chuma zimebanwa na daraja. Ulimi ukiusukuma ndani, sehemu inayotikisika inakuwa fupi, sauti inapanda. Ukiuvuta nje, inashuka. Maana yake mtoto anayevuta ulimi kuona umekaaje ameshaharibu tuni ambayo mwenyewe aliitafuta kwa wiki nzima. Kabla ya siku, chora mstari mwembamba wa penseli kwenye karatasi ukifuata ncha za ndimi zote, ndo ramani yako kama kitu kitasogea. Usichore kwenye ala.

Anakwanyua kwa dole gumba, anaubonyeza ulimi chini kidogo na kuuachia uteleze. Asiunyanyue na kucha kwa chini. Ule mkwaruzo mnaousikia, zzzz, sio ubovu, kuna vipete vya chuma kwenye ndimi na kitundu kilichozibwa na utando wa buibui, na mafundi wameviweka makusudi. Kuna kijana "aliusafisha" utando wa watu kwa pamba, akidhani ni uchafu. Kitundu kiwekeeni alama ya usiguse.

Mwisho wa kituo, msimamizi aweke ilimba juu ya meza ya mbao bila blanketi, apige, na watoto sita walaze sikio kwenye meza. Nyuso zao mtaziona.

Zeze. Kila mtu anasema zeze letu ni bovu halitoi sauti. Upinde mkavu hautoi sauti popote duniani. Unateleza tu. Sugua utomvu mkavu kwenye uzi wa upinde, kwenda na kurudi mara kumi na tano hivi, mpaka ukipitisha kidole kinashika kidogo. Utomvu ndo unaofanya upinde ukamate uzi na kuuachia, ukamate na kuuachia, haraka sana, na huko kukamata ndo mlio wenyewe. Kisha upinde mzima uende taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kukandamiza. Kibuyu kiwe kimeegemea kifuani au tumboni. Msimamizi ashike shingo ya zeze muda wote, kibuyu cha zamani kikidondoka hakuna fundi.

Kinanda cha kukanyaga. Kikague siku moja kabla: kanyaga pedali zote mbili kwa zamu bila kubonyeza kitufe chochote. Zikizidi kuwa ngumu, mifuko ya upepo ni mizima. Zikibaki laini, panya wameshakula ngozi au kitambaa ndani, usilazimishe, kiwe kadi nyekundu. Kikiwa kizima mtoto mmoja akanyage na mwingine abonyeze, wabadilishane.

## Hatua ya 8: Kupuliza, na usafi wake

Tarumbeta nimeliweka la mwisho. Kwanza bila tarumbeta: watoto wabane midomo na kuitetemesha, brrrr, kama mtoto mchanga anavyochezea mate. Wakiweza, wape mautipisi peke yake. Ikilia, ndo ala yenyewe. Akipuliza tu kama anapoza uji haitatoka sauti hata apulize mpaka kesho.

Mautipisi tatu zinazunguka: moja inatumika, ya pili iko kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni inasuguliwa, ya tatu imefutwa spiriti na inakauka yenyewe. Usiipangushe spiriti ikiwa bado mbichi, inahitaji huo muda ili ifanye kazi. Mwenye kikohozi au kidonda mdomoni apewe kazi ya kubonyeza pistoni, vile vitufe vya tarumbeta. Filimbi za mianzi na pembe haziwezi kuoshwa hivi, hizo anapuliza mwenye ala tu na watoto wanasikiliza.

Mautipisi ikinasa usichukue koleo, shaba ni laini, itapinda. Tone la mafuta ya cherehani pembeni, iache usiku, kesho zungusha kwa mkono. Pistoni nzito vile vile, mafuta na subira.

## Hatua ya 9: Rekodi kabla ala hazijaondoka

Watoto wakishaenda kunywa uji, bakini na wazee nusu saa. Simu iwe kwenye hali ya ndege, ilale juu ya taulo, hatua moja kutoka kwenye ala, na isiwe kwenye meza ile ile. Omba ruhusa, na useme wazi utaipeleka wapi.

Rekodi jina la ala kwa lugha yake akilitamka mwenyewe, kisha kila uzi au kila ulimi mmoja mmoja polepole, kisha wimbo mmoja usiokatizwa. Ile ya mmoja mmoja watu wanaiona haina maana, lakini siku ikivurugika tuni ndo itakayomsaidia fundi. Ukituma kwa WhatsApp itume kama faili, ukiituma kama vois ya kawaida inabanwa na ile zzzz ya ilimba inapotea.

## Hatua ya 10: Rudisha kesho yake

Kesho yake, sio wiki ijayo. Toa zile picha, linganisha kila ufa. Kama kuna kilichoharibika mwambie ukiwa umesimama mlangoni kabla hujakaribishwa chai, usisubiri agundue. Njuga iliyokatika mafundi chuma wa Mamba, jirani na Marangu, bado wanafua, lakini muulize kwanza kama anataka itengenezwe.

Mpe nakala ya rekodi kwenye simu ya mjukuu wake, na picha moja iliyosafishwa, ya karatasi, watoto wakiwa na ala yake.

Usiipandishe ngoma darini mwenyewe. Mpe mkononi, ukae chini, unyamaze. Yule babu wa Old Moshi aliipokea, akaiweka kati ya magoti, akagonga na kidole karibu na ukingo, akazungusha, akagonga, duara zima. Alipofika pale alipoanzia akaniuliza watoto walikuwa wangapi. Nikamwambia hamsini na nne, kwa awamu mbili. Akasema mwakani nije na gari kubwa, kuna ya pili iko kwa mdogo wake.